Kuhesabu Ndege kwa Miguu katika Milima ya Kaskazini mwa Skandinavia: Mwongozo Kamili

Safu ya milima inayopita kati ya Norwei na Uswidi na kugusa ncha ya kaskazini-magharibi ya Ufini ina maeneo makubwa yasiyo na barabara, na anayetaka kujua hali ya ndege wake hana budi kuingia kwa miguu. Utafiti wa pamoja wa nchi hizo tatu uliochapishwa mwaka 2014, ukitumia maeneo 262 ya hesabu, ulionyesha kwamba kati ya spishi 14 za kawaida za milimani, spishi 9 zilipungua kwa kiwango cha wazi katika miaka ya 2002 hadi 2012. Takwimu hizo zilikusanywa na watu waliobeba mahema mgongoni, wakaamka usiku wa manane usio na giza, na kutembea polepole huku wakisikiliza. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuifanya kazi hiyo ipasavyo.

Tangulia kujua sharti lake kuu, kwa maana kila hatua inayofuata inatokana nalo: hesabu yako itakuwa na thamani endapo mtu mwingine, mwaka ujao au miaka kumi ijayo, ataweza kuirudia vilevile ulivyoifanya. Mtu aliyeona ndege mia tatu kwa kuzunguka popote alipovutiwa amefurahi, lakini hakuna anayeweza kulinganisha idadi yake na nyingine. Aliyeona ndege sitini kwenye mstari uliopangwa, kwa mwendo na saa zilizopangwa, ametoa ushahidi.

Neno moja kuhusu majina. Ndege wengi wa milima hii hawana jina la Kiswahili lililozoeleka, na kubuni majina huleta mkanganyiko. Kwa hiyo nitatumia majina ya kisayansi, ambayo ndiyo utakayoyajaza kwenye fomu nchi yoyote utakayokuwa.

Kuchagua njia kabla ya kuwaona ndege

Kuna mbinu mbili za msingi. Ya kwanza ni kuhesabu huku ukitembea kwenye mstari, na ya pili ni kusimama kwenye vituo na kuhesabu kwa muda maalumu. Uswidi imekuwa na mtandao wa njia za kudumu tangu mwaka 1996, jumla yake 716, zilizotapakaa nchi nzima kwa umbali sawa bila kujali kama zimeangukia msituni, mjini au mlimani. Kila njia ni mraba wenye upande wa kilomita 2, yaani mwendo wa kilomita 8, na ina vituo 8 vya kusimama dakika 5. Ufini nayo hutumia mistari, na mhesabuji hutenganisha ndege walio ndani ya ukanda wa mita 25 kila upande na wale walio nje yake. Norwei hutegemea zaidi vituo, navyo ni vya dakika 5.

Kwa nyanda zilizo wazi juu ya msitu, mimi ningechagua mstari. Ndege wa huko wako wachache na wametawanyika, na muda mwingi wa kusimama kituoni hupita bila kuandika kitu. Vituo vinafaa zaidi katika ukanda wa mibetula mifupi (miti ya jenasi Betula) ulio chini ya nyanda hizo, ambako vichaka huziba macho na hatua zako zenyewe hufunika sauti.

Ukipewa njia iliyokwisha kupangwa, ifuate. Ukilazimika kuanzisha mpya, chora miraba kwenye ramani na uteue kwa kura. Usichague kwa kuangalia mahali palipo pazuri, na sababu yake inafaa kueleweka kwa undani. Ukichagua kinamasi ambacho mwaka huu kimejaa ndege, umeanza kwenye kilele. Mwaka unaofuata idadi yake ina nafasi kubwa ya kushuka kuliko kupanda, hata kama milima yote kwa jumla haikubadilika. Njia nyingi za namna hiyo zikijumlishwa, zitatangaza upungufu ambao haupo. Mraba ulioangukia kwenye mawe matupu na theluji unachosha, lakini ndio unaosema ukweli kuhusu mlima.

Msimu, saa na hali ya hewa

Mwezi wa kazi ni Juni. Kabla yake theluji imefunika sehemu kubwa ya nyanda, na ikifika Julai madume wengi wamenyamaza kwa kuwa wanalisha makinda. Hata hivyo kalenda peke yake haitoshi. Mwaka ambao theluji imechelewa kuyeyuka, ndege husubiri pembezoni mwa mabonde hadi ardhi ifunuke, na anayefika mapema atakuta kimya na kudhani hawapo. Chagua tarehe moja ya msingi kwa kila njia, uruhusu siku chache za kusogeza, kisha uandike sehemu ya njia iliyokuwa bado chini ya theluji, hata kwa makadirio ya theluthi au nusu.

Karibu na Abisko, kwenye latitudo ya digrii 68 Kaskazini, jua halizami tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai. Mgeni hudhani kwamba saa zote basi ni sawa. Sivyo. Ndege wana mapumziko yao hata kwenye mwanga wa saa ishirini na nne, na nyimbo huwa nyingi kuanzia saa tisa usiku hadi saa tatu asubuhi. Anza saa kumi alfajiri, au karibu nayo, na uanze saa ileile kila mwaka.

Upepo ndio adui mkubwa wa kazi hii, kuliko baridi. Upepo ukizidi takriban mita 8 kwa sekunde, nyimbo nyembamba hupotea na ndege wadogo hujificha nyuma ya mawe. Ukungu nao huharibu hesabu kwa namna isiyoonekana: unasikia vizuri, unajisikia uko makini, kumbe umewapoteza wote waliokaa kimya. Manyunyu mepesi yanavumilika, ila mvua ya kweli haivumiliki. Panga siku mbili za akiba kwa kila njia ili usijikute unalazimisha hesabu kwa sababu tu chakula kinakwisha.

Kuyazoeza masikio

Zaidi ya nusu ya ndege utakaowaandika utakuwa umewasikia kabla ya kuwaona, na wengine hutawaona kabisa. Anza kujifunza sauti miezi miwili kabla ya safari, na usijifunze nyimbo peke yake. Jifunze pia milio ya wasiwasi na milio ya kuruka, kwa kuwa hiyo ndiyo ndege humwelekezea mtu anayepita. Orodha ya lazima si ndefu. Kwenye mibetula utamsikia Phylloscopus trochilus kila mahali, ndege mdogo mwenye wimbo unaoteremka kama mtu anayeshuka ngazi, ambaye jamii yake ya kaskazini huishi majira ya baridi katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Karibu na maji na vichaka vya Salix yuko Luscinia svecica, mwenye koo la buluu na kipaji cha kuiga sauti za wengine, kwa hiyo ukisikia spishi tatu zisizotarajiwa kutoka kwenye kichaka kimoja, subiri kabla hujaandika. Juu ya msitu wako Anthus pratensis, Oenanthe oenanthe, Calcarius lapponicus na Pluvialis apricaria, na juu zaidi kwenye mawe yuko Plectrophenax nivalis.

Zoezi la pili ni la umbali. Kabla ya msimu, nenda mahali pa wazi, mkadirie ndege au jiwe kwamba liko mita ngapi, kisha lihesabie hatua. Rudia mara hamsini. Nyanda zisizo na miti hudanganya macho, kwani hakuna kitu cha kulinganishia ukubwa, na watu wengi hukadiria mita 100 kuwa 60.

Mzigo

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 kwa lenzi ya milimita 42, inatosha. Ya 10x42 huvuta zaidi lakini hutikisika mikononi mwa mtu aliyechoka. Kifaa cha GPS kiwe kimepakiwa mstari wote na vituo vyake, na betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, kwa kuwa baridi huzimaliza mapema. Beba pia ramani ya karatasi na dira. Kwa kuandikia napendelea penseli na daftari lisilolowa, kwa sababu skrini ya simu haitii kidole chenye maji. Saa ya mkononi ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri, maana ndiyo inayosimamia mwendo wako.

Mavazi yachaguliwe kwa hali ya kilele na si ya bondeni. Joto hushuka takriban digrii 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda, na theluji kunyesha mwezi Juni si jambo la ajabu. Chakula kiwe cha siku mbili zaidi ya mpango.

Kuingia na kulala

Fika kwenye mwanzo wa njia siku moja kabla. Mito inayotokana na theluji hujaa jioni, baada ya jua la mchana kuyeyusha theluji ya juu, na hupungua alfajiri. Mto uliokushinda saa kumi na mbili jioni mara nyingi unavukika saa kumi alfajiri. Usivuke usipoona chini wala maji yanapopita magoti kwa kasi. Fungua mkanda wa kiunoni wa mzigo kabla ya kuingia majini, ili uweze kuutupa ukianguka.

Piga hema mbali na mstari wa hesabu, angalau mita 300, ili usiwe umewahamisha ndege wa kilomita ya kwanza kabla hujaanza.

Hesabu yenyewe

Gawanya njia katika vipande vya kilomita moja na kila kipande ukipe ukurasa wake. Mwendo uwe dakika 30 hadi 40 kwa kilomita. Ni polepole kuliko miguu inavyotaka, hasa kwenye tambarare, na kosa la kawaida ni kukimbia pasipo na ndege na kukawia penye ndege. Kosa hilo huongeza wingi palipo na wingi na kupunguza palipo na uchache, kwa hiyo picha yote hupinda. Tazama saa kila mita 250 na ujirekebishe.

Simama mara kwa mara kwa sekunde chache, kwa kuwa huwezi kusikia huku buti zikiponda mawe. Tazama mbele kwanza, ndipo pembeni. Ndege aliye mbele yako atakimbia au kuruka kabla hujamfikia, na umbali unaohitajika ni ule wa mahali alipokuwa ulipomgundua, si pale alipotua baadaye. Nyuma usitafute. Aliyesikika nyuma yako ahesabiwe tu ikiwa una hakika hukumwandika ulipompita.

Hesabu ndege wazima pekee. Makinda hawaingii, hata wakiwa wameanza kuruka, kwa sababu idadi yao hupanda kila siku ya msimu na ingeifanya tarehe ya hesabu kuwa na uzito kuliko hali ya ndege wenyewe. Wanaopita juu angani bila kuhusika na eneo waandikwe kwa alama yao ya pekee, ili baadaye waweze kutengwa.

Ufupisho wa majina huokoa muda, lakini una mtego. Wengi hutumia herufi mbili za kila neno, na ukurasa wa kilomita ya tatu unaweza kusomeka hivi: 05.42–06.19, PLAP 2, ANPR 7, OEOE 1, CALA 3, theluji theluthi moja, upepo mita 4. Sasa tazama CALA, ambaye ni Calcarius lapponicus, umlinganishe na CAAL, ambaye ni Calidris alpina. Herufi nne zilezile, na wote wawili huishi kwenye vinamasi vya milimani. Kidole chenye baridi hakitofautishi. Ukihamia kwenye herufi tatu tatu unapata CALLAP na CALALP, na hali imekuwa mbaya zaidi. Mmoja wao mpe alama isiyofanana na yoyote nyingine, na uiandike maana yake kwenye jalada la ndani la daftari ili mrithi wako asikisie.

Mstari utakutana na ziwa, mwamba au bapa la theluji lenye mteremko mkali. Zunguka kwa njia fupi iliyo salama, rudi kwenye mstari mapema, na uchore ulipopita. Mzunguko huo urudiwe vilevile miaka inayofuata. Kipande kisichofikika kabisa kiandikwe kwamba hakikuhesabiwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuandika sifuri. Sifuri maana yake ulipita, ulisikiliza, na hakuwapo. Ni taarifa kamili, na kilomita yenye sifuri nyingi inastahili umakini uleule wa kilomita iliyojaa.

Ndege wanaopotosha hesabu

Pluvialis apricaria hukuona kabla hujamwona. Husimama juu ya kilima kidogo cha nyasi, kifua cheusi kikiwa kimeelekezwa kwako, na kupiga filimbi moja ya huzuni, kimya, kisha tena. Ukisogea naye husogea mbele, akikusindikiza hadi mita mia kadhaa, na ndege mmoja anaweza kuandikwa mara tatu na mtu asiyemfuatilia kwa macho. Kaa ukijua alipo mpaka ageuke kurudi. Mara nyingi kurudi kwake hukuambia kwamba umetoka kwenye himaya yake.

Lagopus muta ana tatizo la kinyume. Dume hubaki na manyoya meupe baada ya theluji kupungua na huonekana kutoka mbali akiwa juu ya mwamba, lakini jike amekwisha kugeuka rangi ya mawe na hulala juu ya mayai bila kutikisika, hata ukipita hatua mbili kutoka kwake. Kwa spishi hii, basi, unahesabu hasa madume. Usijaribu kufidia kwa kuongeza majike uliowadhania, andika uliowapata.

Kwa Charadrius morinellus ni jike aliye na rangi kali zaidi, na dume ndiye anayeatamia. Ni mpole kiasi cha kumruhusu mtu amkaribie sana, na upole huo usitumiwe vibaya.

Wawindaji hutegemea mambo mengine kabisa. Stercorarius longicaudus na Buteo lagopus huzaa kwa wingi katika miaka ambayo lemingi, panya wadogo wa tundra (nyanda za baridi zisizo na miti), wamejaa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kila baada ya miaka mitatu au minne. Katika mwaka usio na lemingi wanaweza wasizae kabisa. Kwa hiyo hesabu hata lemingi unaowaona njiani, kwa kila kilomita, kwani bila hiyo idadi ya ndege hawa haitafsiriki.

Viota, reindia na wenye milima

Usitafute viota. Hesabu ya mstari haivihitaji, na mayai yaliyoachwa wazi kwenye upepo wa digrii tatu hupoa haraka. Ndege akiruka kutoka miguuni mwako, usisimame kutazama alipotoka; andika huku ukiendelea kutembea. Mahali pa viota vya kozi mkubwa wa kaskazini, Falco rusticolus, na vya tai Aquila chrysaetos pasitajwe hadharani wala picha zenye alama za mahali zisisambazwe, kwa sababu wizi wa mayai na makinda umewahi kuwaumiza ndege hawa.

Milima hii ni malisho ya Wasami, wafugaji wa reindia, kulungu wa kaskazini. Mwezi Mei na mwanzo wa Juni majike huzaa, na kundi lililoshtuliwa linaweza kutengana na ndama wake. Ukiona kundi kwenye mstari, keti chini na lisubiri lipite, au lizunguke kwa mbali upande wa chini ya upepo. Andika dakika ulizopoteza. Haki ya kila mtu kutembea porini inatambuliwa katika nchi zote tatu, lakini kuna hifadhi ambako kuingia kumekatazwa majira ya kuzaliana, kwa hiyo hakiki mipaka na uombe kibali mapema.

Usalama

Acha kwa mtu unayemwamini njia yako, mahali pa hema na saa ambayo ukiwa hujatoa taarifa aombe msaada. Simu haishiki katika mabonde mengi, kwa hiyo beba kifaa cha kutuma ishara kwa satelaiti. Namba ya dharura ni 112 Uswidi na Ufini. Norwei gari la wagonjwa ni 113 na polisi ni 112.

Madaraja ya theluji juu ya vijito ni hatari kubwa ya Juni. Huonekana imara juu ilhali maji yamekwisha kuyala chini. Ukisikia maji chini ya theluji, usipite hapo. Kuhusu baridi, dalili ya kwanza ambayo mhesabuji anaweza kuigundua mwenyewe imo daftarini: mwandiko ukianza kusambaa na ukajikuta unasoma saa mara mbili bila kuielewa, simamisha hesabu, vaa, kula, na uingie hemani. Njia iliyokatishwa huandikwa kuwa imekatishwa, na hakuna aibu yoyote.

Baada ya mstari kwisha

Kabla ya kulala, pitia kila ukurasa ungali unakumbuka, na uandike upya alama zisizosomeka. Piga picha za kurasa zote. Ukirudi kwenye umeme, jaza takwimu kwenye jedwali kwa kila kilomita, pamoja na tarehe, saa za kuanza na kumaliza, upepo, mawingu, joto, theluji, lemingi na jina la mhesabuji, kwa kuwa masikio ya watu hayafanani na mchambuzi lazima ajue mhesabuji alipobadilika. Anayekuja na spishi isiyotarajiwa aeleze alivyoitambua siku hiyohiyo. Ikiwa hukuwa na hakika ulipokuwa mlimani, usijipe hakika ukiwa mezani.

Kisha andika maelezo ya njia kwa ajili ya atakayekufuata: mto unavukwa wapi na saa ngapi, ziwa lilizungukwa upande gani, hema lilipigwa wapi, ni mwamba upi unaoficha kituo cha tano. Weka picha ya kila kona ya mraba iliyopigwa kuelekea kona inayofuata, na nyuma ya kila picha uandike mwelekeo kwa digrii za dira.